Anzeni na Gunia, Duka Litafuata

Jua linapokaribia kuzama, duka la Mangi wa mtaa huwa halikosi watu. Huyu anataka robo kilo ya sukari, yule mafuta ya kupima ya shilingi elfu moja, mwingine nusu kilo ya maharage na unga wa ugali wa usiku huo. Nyumba ishirini za mtaa huo zikijumlishwa, mwezi unapoisha zimekula magunia kadhaa ya chakula, ila zimeyalipia kwa bei ya rejareja. Ndani ya bei hiyo mna dalali wa shambani, nauli ya lori, ushuru, tajiri wa jumla wa Tandale au Kariakoo, mkokoteni, na mwisho faida ya duka lenyewe. Mwenye kipato kidogo hula chakula cha bei kubwa kuliko mwenye gari, kwa sababu tu hana fedha ya kununua kingi kwa mkupuo.

Duka la chakula la ushirika ni jibu la zamani kwa tatizo hilo. Wakazi huchanga mtaji, hununua kwa jumla, hujiuzia wenyewe, na kinachobaki baada ya gharama ni chao. Kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa moja au ishirini. Utaratibu huo umejaribiwa kwa takriban miaka 180, kuanzia Uingereza hadi Japani, Marekani, Ufaransa na Tanzania yenyewe. Yapo maduka ya namna hiyo yaliyopita nusu karne na bado yana foleni mlangoni, na yapo yaliyofungwa kabla ya kutimiza miaka mitatu. Wakazi wanaofikiria kuanzisha la kwao wana la kujifunza kwa yote mawili.

Waliosimama

Rochdale ni mji wa kaskazini mwa Uingereza, jirani na Manchester. Mwaka 1844 ulikuwa mji wa wafumaji, wenye ujira mdogo na chakula kibovu. Wauza duka wa enzi hizo walikuwa na desturi ya kuongeza chaki kwenye unga na kuchanganya chai na majani mengine yaliyokaushwa. Mfanyakazi aliyekula kwa mkopo hakuwa na ubavu wa kulalamika, maana deni lake lilikuwa pale pale dukani. Kundi la watu 28 lilichanga pauni moja kila mmoja, likidunduliza senti chache kwa wiki, likakodi chumba cha chini cha ghala katika mtaa wa Toad Lane. Usiku wa Desemba 21 mlango ukafunguliwa. Bidhaa zilikuwa chache za kuhesabika kwa vidole: siagi, sukari, unga wa ngano, oti za uji na mishumaa.

Masharti yao yalikuwa ya kibiashara kuliko ya kihisani. Bidhaa iwe safi, kipimo kiwe kamili, bei iwe ya soko, malipo yawe taslimu. Ziada iliyopatikana ilirudishwa kwa wanachama kulingana na manunuzi ya kila mmoja, kwa hiyo aliyenunua zaidi alipata zaidi. Wanawake waliingia kwa haki ile ile ya kura, katika nchi ambayo haikuwaruhusu kupiga kura ya ubunge. Baadaye asilimia 2.5 ya ziada ilitengwa kwa ajili ya elimu, wakawa na maktaba na chumba cha kusomea. Ndani ya miaka kumi na ushei wanachama walikuwa wamepita elfu moja. Kanuni saba za ushirika zinazotambuliwa leo na vyama vya dunia nzima, na kufundishwa katika Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, zimetokana na masharti ya duka lile dogo.

Mfano wa pili uko Brooklyn, New York. Duka la ushirika la Park Slope lilianza mwaka 1973 katika chumba cha kupanga, na sasa lina wanachama zaidi ya 15,000. Asiye mwanachama haruhusiwi kununua. Mwanachama asiyefanya zamu yake naye husimamishwa mpaka alipe deni la kazi. Kwa miongo mingi zamu hiyo ilikuwa saa mbili na dakika 45 kila baada ya wiki nne: kupokea malori alfajiri, kupanga rafu, kukata jibini na kuifunga, kukaa kwenye mashine ya malipo, kufagia. Ipo hata zamu ya watu wanaovaa vizibao vya rangi ya machungwa. Kazi yao ni kumsindikiza mnunuzi na mzigo wake hadi kwenye gari au kituo cha treni, kisha kurudi na kitoroli.

Kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi inafanywa na wenye duka wenyewe, kwa miaka mingi duka hilo liliongeza asilimia 21 tu juu ya bei ya kununulia, kiwango ambacho maduka makubwa ya kawaida hayawezi kukimudu kwa bidhaa zao nyingi. Mtu anapojiunga hulipa dola 25 za kiingilio na mtaji wa dola 100 anaorudishiwa siku akijitoa. Anayeishi kwa msaada wa serikali hulipa pungufu sana. Wamarekani wawili waliokuwa wakiishi Paris waliuchukua utaratibu huo, na mwaka 2016 duka la La Louve likafunguliwa kaskazini mwa jiji hilo, zamu ikiwa saa tatu kila wiki nne.

Walioanguka

Watanzania wenye umri wa miaka hamsini na kwenda juu wana kumbukumbu nyingine ya jina hilo la duka la ushirika. Mwaka 1976 serikali iliendesha Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili maduka ya ushirika na ya vijiji yashike nafasi yake. Mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Kampuni za biashara za mikoa, zile RTC, hazikuweza kufikisha bidhaa kila mahali zilikotakiwa, na operesheni ikasitishwa huku rafu zikiwa tupu. Vyama vikuu vilirejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982, nchi ikiwa katikati ya uhaba wa sukari, sabuni na mafuta ya kula. Kizazi kizima kikakua kikijua kuwa ushirika maana yake ni kupanga mstari na kuambiwa mzigo umekwisha.

Duka lile lilikuwa la ushirika kwa bango tu. Mwanakijiji hakuulizwa kama analitaka, hakuchanga mtaji wake, hakuchagua bidhaa, na msimamizi akiiba hakuwa na mkutano wa kumwondoa. Wanaoanzisha duka leo wasikasirike wazee wanapotikisa kichwa. Wawaite kwenye kikao cha kwanza, wawasikilize wakieleza yaliyotokea, kisha wawape nafasi kwenye kamati ya usimamizi. Aliyewahi kuibiwa anajua mahali pa kutazama.

Hata panapokuwa na wanachama halisi, duka huweza kufa. Ushirika wa walaji wa Berkeley, California, ulioanzishwa miaka ya 1930, ulikua hadi kuwa mkubwa kuliko wote wa aina yake Amerika Kaskazini, ukaongeza matawi kwa kununua maduka mengine, ukaingia katika mabishano ya uongozi na hasara, na mwaka 1988 ukafungwa. Greensboro, North Carolina, wakazi wa upande wa kaskazini mashariki walikaa bila duka kubwa la chakula tangu lile la awali lilipoondoka mwaka 1998. Walihangaika miaka mingi kutafuta mtaji, wakafungua la kwao mwaka 2016, na Januari 2019 likafungwa. Jengo lilikuwa zuri, wanachama walikuwepo na nia ilikuwepo. Mauzo ndiyo hayakutosha. Wengi waliendelea kununua sehemu kubwa ya chakula chao kwenye maduka makubwa ya kampuni, yenye bei za chini na bidhaa nyingi zaidi.

Mtu anaweza kulipia hisa kwa sababu anaupenda mtaa wake, kisha akaenda kununua mchele kwingine kwa sababu ni nafuu kwa shilingi mia mbili. Kabla ya kukodi fremu, kikundi kinatakiwa kiwe kinajua, kwa maandishi, wanachama wake wananunua nini, kiasi gani na kila baada ya siku ngapi. Taarifa hiyo haipatikani kwa kuuliza watu kwenye kikao. Hupatikana kwa kununua pamoja.

Hesabu ya gunia moja

Wajapani wana mfano mzuri wa kuanzia. Mwaka 1965, katika eneo la Setagaya jijini Tokyo, wanawake 200 walijikusanya kununua chupa 300 za maziwa kwa pamoja ili wapate bei ya chini. Hawakuwa na duka. Waliagiza, wakalipa, wakagawana. Miaka mitatu baadaye kikundi chao kikawa ushirika rasmi, Seikatsu Club, ambao kwa miaka mingi uliendeshwa kupitia vikundi vidogo vya majirani vinavyoagiza kwa pamoja. Leo ni mtandao wa mamia ya maelfu ya wanachama.

Kikundi cha Mbagala, Mwanjelwa au Kongowea kinaweza kuanza vivyo hivyo. Wengi tayari wana vikoba, upatu au kikundi cha kufa na kuzikana, kwa hiyo suala la kuaminiana limeshapata mahali pa kuanzia. Tuchukue kaya ishirini na gunia moja la maharage la kilo 100, bei zikiwa za kukadiria tu. Gunia limenunuliwa sokoni kwa shilingi 220,000. Usafiri ni 8,000, kupakia na kushusha 2,000. Jumla 230,000. Mtu wa haraka atagawa kwa kilo 100 na kusema kila kilo imegharimu 2,300, na hapo ndipo hasara inapoanzia. Gunia likipepetwa hutoa mawe, vumbi na punje zilizotobolewa, na anayepima kwa kilo moja moja huzidisha kidogo kila mara. Tuseme zimepotea kilo mbili. Kilo 98 zilizobaki ndizo zinazobeba gharama yote, yaani karibu 2,350 kwa kilo.

Ikiwa dukani maharage hayo ni 3,000, kikundi kinaweza kujiuzia kwa 2,650. Kaya iliyochukua kilo tano inabakiwa na shilingi 1,750 mfukoni, na kikundi kinabakiwa na 29,700 kwa gunia. Hiyo ndiyo ya kununulia mizani, mifuko, daftari na, siku moja, kulipia fremu. Kishawishi cha kuuza kwa bei ile ile ya kununulia ni kikubwa, hasa mwanzoni watu wakiwa na furaha. Kikundi kinachofanya hivyo hakitakuwa na fedha ya gunia lijalo bei ikipanda.

Gunia lipimwe mbele ya muuzaji. Lumbesa, ule ujazo wa kuvimbisha mfuko juu ya kipimo halali, imepigwa vita miaka mingi na Wakala wa Vipimo, na anayeumia zaidi ni mkulima. Lakini yapo pia magunia yanayoitwa ya kilo 100 ambayo hayafiki. Mizani ya kikundi iwe na muhuri wa Wakala, na kila anayenunua aione ikisoma sifuri kabla ya mzigo wake kuwekwa. Debe, sado na kopo vinafaa nyumbani. Kwenye hesabu za chama vinaleta ugomvi.

Kwa miezi sita ya kwanza zinatosha bidhaa nne au tano: mchele, maharage, unga au mahindi, sukari, mafuta ya kula. Zote zinakaa, zote zinaliwa kila nyumba, zote zina bei ya jumla inayojulikana. Nyanya, mboga na samaki vinatia hamu kwa kuwa tofauti ya bei ni kubwa, ila huoza, na nyanya za jana hazina mnunuzi. Kuna faida nyingine kubwa inayotokana na msimu. Mahindi ya Nyanda za Juu Kusini huingia sokoni kwa wingi katikati ya mwaka, na bei hupanda kadiri miezi ya mwishoni na mwanzoni mwa mwaka inavyokaribia. Kikundi chenye akiba ya magunia kumi mwezi wa nane kinakula Februari kwa bei ya Agosti.

Chumvi ndani ya chupa

Akiba hiyo lakini ina masharti. Nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu, sumu inayoharibu ini na isiyoondoka kwa kuosha wala kwa kupika. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Chama kinachouzia familia zake chakula hakiwezi kulichukulia jambo hili kama la wataalamu peke yao.

Kipo kipimo cha mkono ambacho wakulima wengi wanakijua. Huchukuliwa chupa ya kioo iliyokauka kabisa, ikatiwa chumvi kavu na konzi chache za mahindi kutoka katikati ya gunia, ikafungwa na kutikiswa vizuri, kisha ikaachwa itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu na hayafai kuhifadhiwa; yarudi juani au yarudi kwa muuzaji. Chumvi ikidondoka yote chini, nafaka imekauka kiasi cha kuweza kuwekwa. Kipimo hiki kinaonyesha unyevu tu, hakionyeshi sumu yenyewe, kwa hiyo punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi au kusinyaa zitupwe bila huruma. Magunia yapangwe juu ya chaga, mbali na ukuta. Kwa akiba ya miezi mingi, mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, inayouzwa katika maduka ya pembejeo, huua wadudu bila dawa.

Daftari la madeni

Mshindani mkubwa wa duka la ushirika ni Mangi, na silaha yake ni daftari la madeni. Yeye hufungua alfajiri, hufunga usiku, humjua mtoto aliyetumwa bila fedha, na humvumilia mama yake hadi mwisho wa mwezi. Bei yake ina gharama ya uvumilivu huo ndani yake. Wanachama wakimchukulia kama adui watakosea, kwa sababu wengi wao bado watamhitaji kwa kiberiti cha saa tatu usiku. Duka la ushirika lichukue bidhaa nzito za mwezi, limwachie yeye zile za haraka.

Swali la mkopo ndilo litakalokijaribu chama mapema kuliko yote. Watu wa Rochdale walikataa kabisa kukopesha, na sababu yao bado ina nguvu: mtaji uliolala kwenye madeni hauwezi kununua gunia. Jirani anamdai jirani, aibu inaingia, mdaiwa anaacha kuja, na chama kinampoteza mnunuzi pamoja na fedha. Kwa upande mwingine, mama mwenye mgonjwa hospitali hawezi kuambiwa aje na taslimu. Njia inayofaa ni kutenganisha mambo mawili. Dukani kila kitu kiwe taslimu au kwa simu, kupitia lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la kikundi na siyo la mweka hazina. Pembeni uwepo mfuko mdogo wa dharura, wenye kiwango cha juu kilichoandikwa, unaosimamiwa na watu watatu wasiouza dukani. Duka lisimdai mtu. Mfuko ndio umdai.

Kuna pia kibubu cha chakula. Mwanachama anayepata fedha kidogo kidogo, kama mama lishe au dereva wa bodaboda, huweka elfu moja kila siku kwenye akaunti yake ya kikundi, na mwisho wa mwezi huchukua mchele wa jumla badala ya fedha. Analipa kwa mtindo aliouzoea, ananunua kwa bei asiyoizoea.

Zamu, funguo na vikao

Kazi ya kujitolea hupunguza gharama, ila isipopangwa huangukia mabega ya wanawake watatu wale wale. Baada ya mwaka wamechoka, na chama kinaondoka nao. Zamu ziandikwe ukutani kwa majina, wanaume kwa wanawake, zikilingana na kazi za watu: anayetoka kazini jioni apewe hesabu za Jumamosi, mwenye nguvu apewe kushusha mizigo, mzee asiyeweza kunyanyua akae kwenye mizani. Adhabu ya kukosa zamu iamuliwe kabla haijamkuta mtu. Park Slope hudai kazi badala ya kutoza fedha, na jambo hilo lina haki yake: faini humlemea maskini, mwenye fedha huilipa na kuendelea kukosa.

Fedha zipite mikononi mwa watu zaidi ya mmoja. Anayekwenda sokoni kununua asiwe ndiye anayetunza fedha, na anayetunza ghala asiwe yeyote kati ya hao wawili. Kila mwisho wa mwezi ubandikwe ukurasa mmoja unaosomeka na mtu wa darasa la saba: tulianza na kiasi gani, tumenunua nini na kwa bei ipi, tumeuza kiasi gani, kimebaki nini ghalani, tuna shilingi ngapi. Risiti za sokoni ziambatanishwe. Vyama vingi vya ushirika nchini vimeumizwa na viongozi waliokaa muda mrefu bila kuulizwa, na wanachama waliokuwa wakipiga makofi kwenye mkutano mkuu bila kuona karatasi.

Kikundi kikishazoea nidhamu hiyo, usajili hauogopeshi. Tanzania Bara, vyama husajiliwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, na msimamizi ni Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Mlango wa kuingilia ni afisa ushirika wa halmashauri, ambaye huwaongoza waanzilishi katika kuandaa masharti ya chama, andiko la mradi na kikao cha uanzishaji. Ukaguzi wa hesabu upo pia chini ya COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika. Kenya kuna Sheria ya Vyama vya Ushirika, na maafisa wa ushirika wapo katika kaunti. Leseni ya biashara na namba ya mlipa kodi hufuatwa kama kwa duka lolote. Masharti ya chama ndiyo ya kuyasoma mstari kwa mstari, hasa vifungu vya namna ya kumwondoa kiongozi, muda wa uongozi, na jinsi ziada inavyogawanywa.

Katika kugawa ziada, hesabu ya Rochdale bado ndiyo ya haki zaidi kwa duka la chakula. Tuseme mwaka umefungwa, akiba ya kisheria na fungu la elimu vimetengwa, na zimebaki shilingi 600,000 za kurudisha. Manunuzi ya wanachama wote yalikuwa milioni 30. Kila mmoja anarudishiwa asilimia mbili ya alichonunua. Aliyenunua vya 900,000 anapata 18,000, hata kama hisa yake ni moja. Mwenye hisa nyingi asiyenunua kitu hapati mgawo huo. Kwa njia hiyo chama kinamlipa anayekiweka hai.

Duka na jirani zake

Duka la ushirika likisimama huanza kuonekana hata kwa wasio wanachama. Detroit, Marekani, jiji ambalo wakazi wake wengi ni watu weusi, mtandao wa raia ulioanza mwaka 2006 ukiwa na shamba la mjini uliendelea kukusanya wanachama na mtaji hadi Mei 2024, lilipofunguliwa duka la ushirika la wakazi katika barabara ya Woodward. Hisa ni dola 200. Duka hilo huuza kwa yeyote anayepita, na ndani ya jengo kuna jiko la kukodi kwa wajasiriamali wa vyakula na ukumbi wa mikutano. Park Slope nao hupeleka chakula kwenye jiko la jirani linalowalisha wasio na uwezo, na mwanachama anaweza kufanya zamu yake huko.

Kwa mtaa wa hapa kwetu, hatua za kwanza zinaweza kuwa ndogo kuliko hizo. Wazee wanaoishi peke yao wapelekewe mzigo wao nyumbani na mwanachama wa zamu. Shule ya msingi ya jirani inayopika uji iuziwe unga kwa bei ya mwanachama. Kila robo mwaka liwepo somo moja la wazi, kuhusu sumukuvu, lishe ya watoto au kusoma mizani, na wasio wanachama waalikwe. Jambo kubwa zaidi ni kumfikia mkulima. Nchi imejaa AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, za mpunga, mahindi na maharage zinazotafuta mnunuzi wa uhakika. Maduka matatu ya mitaa mitatu yakiagiza pamoja yanaweza kujaza lori na kununua moja kwa moja kwa chama chenzao, mkulima akapata zaidi na mlaji akalipa pungufu.

Hisani lakini itoke kwenye ziada, kwa asilimia iliyopigiwa kura. Duka linalogawa mtaji wake kwa huruma hufungwa, na yule aliyekuwa akisaidiwa hurudi kununua robo robo.

Anayetaka kuanza hahitaji mfadhili wala fremu. Aandike majina ya kaya kumi hadi ishirini anazozifahamu, aziulize, kwa kukadiria tu, zinakula kilo ngapi za mchele na maharage kwa mwezi, zichange fedha ya gunia moja moja, zichague mnunuzi, mtunza fedha na mtunza ghala, na zinunue mizani yenye muhuri kabla ya kitu kingine chochote. Zifanye hivyo kwa miezi sita, kila mwezi ukiwa na ukurasa wake wa hesabu ukutani. Kisha zilibebe daftari hilo hadi kwa afisa ushirika wa halmashauri na kuomba kusajiliwa.